Triumph TR6 yenye kutu: uinue bodi, ununue chasisi mpya, au ulitengeneze likiwa zima?

Mwenye gari la Triumph TR6 lililoshikwa na kutu hupata ushauri wa aina tatu, na kila mshauri huongea kana kwamba wenzake wawili wamepotea njia. Mmoja atamwambia ainue bodi na kukarabati chasisi (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi) ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Wa pili atasema kuhangaika na chuma cha miaka hamsini ni kupoteza muda, agiza chasisi mpya. Wa tatu atamwonya asithubutu kulifumua gari: atengeneze kipande baada ya kipande likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na aendelee kulitembelea. Njia zote tatu zimewahi kutoa magari mazuri, na zote tatu zimewahi kuacha mabanda yamejaa maboksi ya vipuri visivyojulikana vinakwenda wapi. Nawaandikia waliokwama katikati ya washauri hao.

Tulijue kwanza gari lenyewe. Triumph TR6 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1976. Zilitoka zaidi ya 90,000, na nyingi zilivuka bahari, hasa kwenda Marekani. Injini yake ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,498. Zilizouzwa Uingereza zilikuwa na mfumo wa Lucas wa kupulizia petroli. Zile za Marekani zilifungwa kabureta mbili za Stromberg kwa sababu ya sheria za moshi. Sura ya mbele na ya nyuma ilichorwa upya na Karmann wa Ujerumani, lakini chini ya sura hiyo kuna chasisi ya ukoo wa TR4A, gari lililoingia sokoni mwaka 1965. Uamuzi wote unaoukabili unahusu chasisi hiyo.

Magari madogo ya leo hayana chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo hubeba kila kitu. TR6 ina fremu ya chuma chini, na bodi imefungwa juu yake kwa boliti na pedi za mpira. Ndiyo maana inawezekana kufungua boliti, kuwaita watu sita, na kuinyanyua bodi nzima. Lakini gari hili halina paa la chuma. Bodi yake inategemea sana vizingiti vilivyo chini ya milango. Vizingiti vikishaliwa na kutu, kinachoizuia bodi isilegee katikati ni chasisi. Chasisi nayo ikidhoofika, bodi huishikilia kwa kiasi fulani. Zimeegemeana hivyo kwa miaka mingi. Ukizitenganisha bila kupima, hutajua tena ipi ilikuwa imenyooka, na kila uamuzi utakaofuata utakuwa wa kubahatisha.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza na kubwa kuliko yote ni hali ya chasisi, hasa sehemu ya nyuma. Ingia chini ya gari na tochi, bisibisi imara na nyundo ndogo. Gonga boriti ile ya nyuma inayoshika mikono ya saspensheni: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi inazama. Pale ndani maji na matope hukaa bila pa kutokea, kwa hiyo kutu hula kutoka ndani kuja nje, na rangi ya juu inaweza kukudanganya. Kisha tazama vyuma vinne vinavyoshikilia difu, yaani kifaa cha gia kinachogawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini. Ufa hapo ni ugonjwa unaojulikana wa magari haya. Dalili yake ni mlio mzito kutoka nyuma unapoachia klachi. Mbele, kagua vishikio vya chini vya saspensheni, ambavyo huchanika. Malizia katikati, pale boriti zinapokutana kwenye mabamba bapa.

La pili ni vizingiti na sakafu. Fungua mlango na uufunge. Nafasi kati ya mlango na nguzo ya nyuma ikiwa nyembamba juu na pana chini, bodi imeshaanza kukunjika katikati.

Nafasi ya kufanyia kazi watu huipuuza, nami naiweka juu kuliko ujuzi. Gari lililoinuliwa bodi hudai sehemu ya chasisi, sehemu ya bodi, na rafu za vipuri vyote vilivyotoka. Gereji ya gari moja haitoshi, isipokuwa una ua wenye paa au jirani mkarimu.

Halafu kuna fedha, na hapa nasisitiza namna zinavyotoka zaidi ya jumla yake. Wengine wana akiba tayari. Wengine hupata kidogo kila mwisho wa mwezi. Njia inayomfaa wa kwanza inaweza kumfilisi wa pili kabla gari halijasimama.

Mwisho ni lengo na karatasi. Gari la kuendesha Jumapili halihitaji unadhifu ule ule na gari la kupeleka kwenye mashindano kama Africa Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Na anayejali historia ya gari lake atataka kujua kipande kipi kikibadilishwa kinaligeuza kuwa gari jingine.

Njia ya kwanza: kutengeneza gari likiwa zima

*Kazi ilivyo.* Wanaoidharau njia hii hawajui ni mengi kiasi gani yanawezekana kwenye TR6 bila kugusa boliti za bodi. Madigadi ya mbele na ya nyuma yamefungwa kwa boliti, hayakuchomelewa; yanatoka na kurudi. Giaboksi hutolewa kupitia ndani ya gari: unaondoa viti, unafungua kifuniko cha katikati, na klachi iko mbele yako. Difu hushushwa kutoka chini. Tangi la petroli, lililo kati ya viti na buti, hutoka pia, na lazima litoke kabla cheche yoyote haijaruka nyuma ya gari. Nimeona watu wakitaka kulifunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Usifanye hivyo.

Kama sakafu imeoza na itakatwa hata hivyo, itumie nafasi hiyo. Sakafu ikishatoka unafika juu ya boriti za chasisi na mikono yake ya pembeni, mahali ambapo kwa kawaida hapafikiki bodi ikiwa juu ya chasisi. Tengeneza upande mmoja hadi uishe, chomelea sakafu mpya, ndipo uhamie upande wa pili. Gari halipotezi umbo lake kwa sababu wakati wote nusu yake nzima inashikilia nusu inayotengenezwa.

*Fedha na muda.* Gharama hugawanyika. Msimu huu vizingiti, msimu ujao breki na bushi, mwaka unaofuata rangi. Kati ya awamu na awamu gari linatembea, nalo linamkumbusha mwenyewe kwa nini alianza. Ubaya ni kwamba unalipia baadhi ya kazi mara mbili: kipande kilichofungwa mwaka huu kitafunguliwa mwakani kupisha kazi nyingine.

*Uhalisi na karatasi.* Hapa hakuna njia inayoshinda hii. Chasisi ni ile ile, bodi ni ile ile, na nyingi ya boliti za kiwandani hazijaguswa. Hakuna ofisi ya usajili itakayokuuliza swali.

*Panapouma.* Juu ya boriti ya nyuma hutafika vizuri, na hapo ndipo kutu kubwa ilipo. Kuchomelea ukiwa umelala chali, cheche zikikuangukia kifuani, hakutoi kazi sawa na ile ya fundi aliyesimama na chasisi wazi mbele yake. Na kuna kishawishi cha kufunika: bamba jipya juu ya chuma kilichooza, mpako mweusi juu yake, na gari linaonekana limepona. Ufa kwenye vyuma vya difu unaweza kuzibwa kutoka chini na fundi mzuri. Boriti iliyooza kutoka ndani haizibwi kwa namna hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye chasisi nzima au yenye madoa machache yanayofikika, mwenye gereji ndogo na kipato cha mwezi kwa mwezi, na anayependa kuendesha kuliko kutazama. Inafaa sana kwa magari yaliyoishi penye ukavu, iwe California, Arizona au bara la Kenya. Huko adui mara nyingi si kutu bali barabara mbovu zilizochanisha vishikio.

Njia ya pili: kuinua bodi na kukarabati chasisi ya asili

*Kazi ilivyo.* Kazi huanza kwa kupima, spana zikiwa bado kabatini. Pima nafasi zinazouzunguka kila mlango, juu, katikati na chini, uandike, upige picha rula ikiwa mahali pake. Kati ya pedi za mpira na bodi, kiwandani waliweka vipande vyembamba vya chuma kusawazisha kila pembe. Hesabu viko vingapi kila sehemu na uvifunge kwenye mfuko wenye jina la sehemu hiyo. Kisha chomelea au funga vyuma imara vinavyovuka uwazi wa milango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya nyuma, na kingine kinachounganisha pande mbili za gari. Bila vyuma hivyo, bodi yenye vizingiti dhaifu itajikunja siku itakaponyanyuliwa, na milango haitafunga tena sawasawa hata ikizungukiwa na vizingiti vipya.

Baada ya hapo ni kufungua: usukani kutoka kwenye rodi zake, mabomba ya breki na petroli, kebo ya hendibreki, kebo ya spidi, nyaya zinazoshuka kwenye injini, pampu za klachi na breki. Milango, boneti na kifuniko cha buti hutoka ili uzito upungue. Bodi iliyobaki watu sita wanaiweza, wakipokezana amri kwa sauti ya mtu mmoja.

Hapa kuna swali linalowagawa mafundi: vizingiti vibadilishwe kabla bodi haijainuliwa, au baada ya chasisi kupona? Jibu langu linategemea vipimo vya mshazari vya chasisi. Kamba au futi kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, kisha kinyume chake, na kulinganisha na mchoro wa kitabu cha matengenezo cha kiwanda. Chasisi ikipima sawa, hata kama ina kutu, badilisha vizingiti bodi ikiwa bado imefungwa juu yake, milango ikiwa imening'inizwa, kwa sababu chasisi iliyonyooka ndiyo kalibu nzuri kuliko zote ulizo nazo. Ikiwa imepinda, kubadilisha vizingiti juu yake ni kuifundisha bodi upotovu ule ule. Hapo funga vyuma vya kushikilia, inua, nyoosha na kukarabati chasisi, irudishe bodi juu yake bila rangi, fanya vizingiti milango ikiwa mahali pake, ndipo uinue tena kwa ajili ya rangi. Ndiyo, ni kuinua mara mbili. Wanaokwepa mara ya pili huja kuilipa kwenye milango.

Chasisi ikiwa wazi, ipeleke ikapigwe mchanga, yaani ipulizwe mchanga kwa kasi ili kutu na rangi vitoke. Mchanga hausemi uongo: pale palipobaki unene wa karatasi panatoboka, na ramani ya kazi inajichora yenyewe. Kata na kuchomelea sehemu moja kwa wakati, upande mmoja kisha wa pili, ukirudia vipimo vya mshazari kila mara, maana joto la kuchomelea huvuta chuma. Vyuma vya difu vichomelewe mabamba ya kuongeza nguvu. Vishikio vya saspensheni ya mbele viimarishwe. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii: udhaifu uliojulikana kwa nusu karne unaondolewa kwenye chasisi yako mwenyewe.

Kuhusu mpako wa mwisho, kila aina ina hasara zake. Rangi ya kawaida juu ya praima nzuri haing'ai kupita kiasi, lakini ikichubuka unaigusa kwa brashi na kuendelea. Rangi ya poda iliyookwa huvutia macho, ila jiwe likiibandua, maji hutambaa chini yake bila kuonekana. Kuzamisha kwenye zinki iliyoyeyuka hulinda ndani na nje, lakini bafu lile lina joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, linaweza kupinda chasisi nyembamba, na zinki huziba nyuzi za boliti. Anayekaa Mombasa, Unguja au Maskati, ambako hewa yenyewe ina chumvi, asisahau nta ya kupulizwa ndani ya boriti, hata awe amechagua mpako upi.

*Fedha na muda.* Vifaa vya chasisi si ghali. Ghali ni saa za kazi. Kama saa hizo ni zako, njia hii huweza kuwa nafuu kuliko kununua chasisi. Kama ni za gereji ya kulipia kwa saa, hesabu hugeuka. Na bodi ikishatoka, kila kitu kinaonekana kichakavu: mabomba ya breki, bushi, nyaya, ekzosi, pampu. Kila kimoja kina hoja ya haki ya kubadilishwa sasa hivi. Orodha ya mwanzo huweza kuongezeka maradufu bila mtu yeyote kufanya uamuzi wa kipumbavu. Miradi mingi hufia hapa, gari likiwa limeshafumuliwa na fedha zimekwisha.

*Uhalisi na karatasi.* Gari linabaki na chasisi yake ya kuzaliwa. Kwa wanaothamini hilo, hata mabamba ya kiraka ni sehemu ya historia yake. Piga picha kila hatua. Mnunuzi wa kesho atalipia picha hizo.

*Panapouma.* Muda, nafasi, na kusahau. Baada ya miezi kadhaa hakuna anayekumbuka boliti ile fupi ilitoka wapi. Kuna pia hatari ya kugundua, baada ya mchanga, kwamba chasisi imepita kiwango cha kuokolewa. Tenga fungu la dharura kwa siku hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye nafasi, anayejua kuchomelea au aliye karibu na fundi anayemwamini, mwenye chasisi iliyooza sehemu kadhaa lakini haijapinda vibaya, na anayefurahia kazi yenyewe. Anayetaka tu gari, bila kupenda kazi, atachoka nusu ya njia.

Njia ya tatu: kuinua bodi na kuishusha juu ya chasisi mpya

*Kazi ilivyo.* Uingereza kuna warsha zinazounda chasisi mpya za TR kwa chuma kipya, kwenye kalibu, nyingi zikiwa zimeimarishwa pale zile za kiwandani zinapochanika. Faida isiyotajwa sana ni mpangilio wa kazi. Chasisi mpya inaweza kupakwa rangi, kufungwa saspensheni, breki, difu, hata injini ya akiba, huku gari la zamani bado limesimama zima pembeni. Bodi inapoinuliwa, ina mahali pa kwenda. Muda ambao gari liko vipande hupungua sana, na muda huo ndio unaoua miradi.

Vyuma vya kushikilia milango na vipimo vinahitajika vile vile. Usidhani kwamba chasisi iliyonyooka kabisa itaipokea bodi yako bila mvutano: bodi iliyokaa miaka juu ya fremu iliyochoka imezoea umbo lake. Utaongeza na kupunguza vile vipande vyembamba hadi milango ikubali. Chasisi ya zamani usiitupe hadi gari litembee. Kuna vishikio vidogo vya mabomba na nyaya vinavyotofautiana kati ya miaka ya mapema na ya mwisho, na utahitaji kulinganisha.

*Fedha na muda.* Maelfu kadhaa ya pauni, kwa mkupuo, kabla ya usafiri. Kwa aliye Nairobi au Dar es Salaam ongeza nauli ya meli, kwa kuwa fremu nzima haiingii kwenye kifurushi, pamoja na ushuru. Kwa aliye Uingereza, anayelipa fundi kwa saa, chasisi mpya mara nyingi hutoka nafuu kuliko kukarabati iliyooza sana. Kwa aliye Afrika Mashariki hesabu huelekea upande wa pili: fundi mzuri wa kuchomelea anapatikana kwa bei ya kueleweka, na meli ndiyo ghali.

*Uhalisi na karatasi.* Hapa ndipo penye hofu nyingi, na baadhi yake haina msingi. Kwenye TR6 namba ya gari iko kwenye kibao kilichofungwa kwenye bodi. Herufi za mwanzo husema mengi: CP na baadaye CR ni za petroli ya kupulizwa, CC na baadaye CF ni za kabureta za Marekani. Kubadilisha fremu hakukiondoi kibao hicho. Uingereza, gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, na mwongozo wao unasema chasisi mpya ya muundo ule ule haihesabiwi kuwa badiliko la namna hiyo. Kenya, ukibadilisha injini au rangi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima ijulishwe na karatasi ziwiane na gari. Zungumza nao kabla hujaagiza fremu. Na popote ulipo, cheti cha kumbukumbu za uzalishaji kinachotolewa na British Motor Museum, jumba la makumbusho ya magari lililoko Gaydon, Uingereza, kitaonyesha gari lilitoka kiwandani na injini ipi na rangi ipi. Kipate mapema.

Lakini mbele ya mnunuzi anayependa uasili, chasisi mpya inabaki chasisi mpya. Iseme waziwazi unapouza. Mwingine ataifurahia kwa sababu hiyo hiyo.

*Panapouma.* Fedha nyingi kwa siku moja, kungoja zamu kwenye warsha, na ukweli kwamba chasisi mpya haiponyi bodi. Nimewaona watu waliomaliza akiba yote kwenye fremu inayong'aa, wakabaki na bodi isiyo na sakafu wala senti ya kuinunua.

*Inamfaa nani.* Mwenye chasisi iliyopinda kwa ajali au iliyooza kwenye boriti ya nyuma kupita kuokolewa, mwenye akiba tayari, mwenye muda mfupi, na asiyechomelea mwenyewe.

Yasiyohitaji kuinua bodi hata kidogo

Baadhi ya watu hufumua gari zima kwa sababu ya magonjwa ambayo bodi haiyazuii. Injini hii ya silinda sita ina washa mbili nyembamba, nusu mwezi, zinazozuia krankshafti (shafti kuu ya injini) isisogee mbele na nyuma. Zikilika hudondoka ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, na krankshafti huanza kusaga bloku. Mwambie mtu akanyage klachi huku wewe ukitazama puli ya mbele ya injini. Ikisogea kwa kuonekana na macho, usiwashe tena. Sampo hushushwa kutoka chini na washa hubadilishwa gari likiwa limesimama. Mikono ya saspensheni ya nyuma nayo ni ya aluminiamu, na nyuzi za boliti zinazoshika habu (kitovu cha gurudumu) huchunika. Dawa yake ni kuweka nyuzi mpya za chuma, kazi ya mezani inayohitaji mkono mmoja tu utolewe.

Maliza hayo kwanza, kisha tazama yanayobaki. Huenda chasisi yako ikaonekana si mbaya kama ulivyodhani ukiwa na hofu ya injini.

Kulingana na hali yako

Gari linatembea, milango inafunga vizuri, na bisibisi haikuzama popote nyuma: acha bodi juu ya chasisi. Imarisha vyuma vya difu kutoka chini, fanya sakafu upande mmoja mmoja, puliza nta ndani ya boriti, na uendelee kuendesha.

Bisibisi imezama sehemu mbili tatu, lakini vipimo vya mshazari viko sawa, na una ua wenye paa na fundi mzuri: fanya vizingiti bodi ikiwa bado imefungwa juu ya chasisi, kisha inua na kukarabati chasisi yako. Weka kikomo cha orodha kwenye karatasi kabla ya siku ya kuinua, na kila nyongeza ingoje usiku mmoja.

Gari liligongwa huko nyuma, au boriti ya saspensheni imekuwa kama chujio: agiza chasisi mpya, ila baada ya kuhakikisha umetenga fedha za bodi. Fedha zikitosha kimoja tu, subiri.

Uko pwani au Ghuba na gari limeagizwa kutoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi kila baridi: chukulia kwamba ndani ya boriti kuna kutu hata kama nje ni safi. Toboa tundu dogo mahali pasipobeba uzito, ingiza kamera ndogo ya bomba, uone kabla ya kuamua.

Lengo lako ni mashindano ambapo majaji hutazama hata chini ya gari: itabidi uinue bodi, na kati ya chasisi ya asili na mpya, soma kanuni za mashindano yale kabla ya kununua chochote.

Huna fedha ya kuinua na chasisi haifai kuendeshwa: liegeshe juu ya mawe pakavu, paka mafuta, na uanze na viti, dashibodi na kabureta, kazi ndogo zinazofanyika mezani wakati akiba inakua.

Na kama bado hujanunua, fahamu kwamba gharama ya kufumua gari zima mara nyingi hupita bei litakayouzwa likishakamilika. Kulipa zaidi kwa gari lililokwisha kufanywa vizuri, lenye picha za kila hatua, ni njia halali ya nne. Ukikutana na lililofumuliwa na mtu akaliacha katikati, ulizia vipimo vya milango vilivyochukuliwa kabla bodi haijatolewa, na kama kulikuwa na vyuma vya kushikilia. Kama havikuwepo, mpe bei ya vipuri, si ya gari, na kwenye bajeti yako andika kazi ya kuirudisha bodi juu ya chasisi mara mbili.